Masika ya Laobani

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili nililinunua la kuandikia oda za wateja. Sasa nitaandikia hasira, kwa sababu nikizitoa zote kwa mdomo, gari hili halina chumba cha pili cha mtu kukimbilia.

Nianze na kosa lenyewe. Mwenye nyumba wetu wa mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, alitaka kuikarabati fleti tuliyokaa miaka tisa. Mtu mwingine angetafuta fleti nyingine. Mume wangu Vuai amenunua gari-nyumba kuukuu kwa Théodore, Mkongo wa Lubumbashi anayerejea kwao. Lina kitanda nyuma, jiko la mafiga mawili, sinki la kuoshea kikombe kimoja, na choo ambacho sitakieleza. Vuai ni wakala wa mizigo. Anasema siku hizi wateja hawaji Guangzhou, wanaagiza kwa simu wakiwa Unguja, kwa hiyo yeye ndiye wa kuzunguka viwandani kuikagua mali kwa macho yake. Mpaka masika yaishe tu, anasema. Vyombo vyetu vimebaki kwa Nahla, mtoto wa mama yangu mdogo.

Hakuniuliza mimi. Wala hakumuuliza Laobani.

Jumamosi, 5 Aprili

Laobani ni paka. Nilimpata mtaa wa Yide Lu, kwenye duka la samaki wakavu, akikaa juu ya magunia ya kamba kama mwenye mali. Mji huu kila mwenye duka unamwita laoban, yaani bosi, basi na yeye nikampa cheo chake. Duka lilipofungwa nikamchukua. Ni dume, rangi ya chungwa, sikio moja limechanika kwa ugomvi.

Hajawahi kuwa paka wa ndani. Xiaobei alikuwa na dirisha lake la jikoni. Asubuhi anatoka, anapita kwenye mabati, anakwenda kwa watu anaowajua yeye, na magharibi anarudi ananuka mafuta ya jiko la mtu mwingine. Mwaka ule tuliofungiwa majumbani, Vuai alikuwa amekwama Unguja. Miezi kumi na minane nilikuwa na Laobani peke yetu. Mimi siruhusiwi kuvuka mlango, yeye anatoka dirishani na kurudi. Nilimwonea wivu paka, na nilimshukuru kila aliporudi.

Leo amekaa kwenye kioo cha mbele tangu asubuhi, anaangalia nje.

Jumanne, 8 Aprili

Laobani amelia usiku kucha. Vuai amekoroma usiku kucha.

Ijumaa, 11 Aprili

Unyevu wa msimu huu umeingia. Kuta za gari zinatoka jasho, nguo hazikauki, chumvi imekuwa uji. Na leo, Vuai akijiandaa kwenda msikitini, amekuta Laobani amekojolea msala wake. Si pembeni. Katikati, pale panapowekwa paji la uso.

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Vuai aliufua msala mara tatu, kwenye lile sinki la kikombe. Alipomaliza akasema atatoboa mlango, atengeneze kitundu cha paka, mnyama atoke ajisaidie nje kama alivyozoea. Nikamwuliza, atoke aende wapi? Leo tuko Foshan, kesho tuko kwingine. Xiaobei alijua nyumbani ni dirisha lipi. Hapa atarudi akute lori la mtu limeegesha mahali petu. Nikamwambia akitoboa huo mlango, nami natoka kwa kitundu hicho hicho.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemnunulia mkanda wa kifuani na kamba, nikamtembeza uani kwa kiwanda cha viti, bado tuko Foshan. Alilala chali akakataa kutembea, nikawa namburuta kama begi. Nikaita, "Laobani, twende," na mabosi watatu waliokuwa wakinywa chai mlangoni wakanigeukia kwa pamoja. Vuai alijificha nyuma ya gari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mtu akikuharibia maisha basi angalau asikucheke.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Wali na mayai. Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Huangpu, karibu na bandari. Vuai alifungua mlango kuchukua viatu vyake na akauacha wazi. Dakika moja, anasema. Laobani hakuhitaji dakika moja.

Nimemtafuta kwa muda wa saa sita. Malori ya huko yana matairi yanayonipita kimo, na kila lililopita niliangalia chini yake kabla ya kuangalia mbele. Nilikuwa nagonga kijiko kwenye bati la chakula chake, madereva wanatoa vichwa wananiangalia. Nilimkuta chini ya lori bovu, amejikunyata, masizi mpaka machoni. Alinikwaruza mkono wote.

Nilimwambia Vuai maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia hata mengine yasiyohusu paka. Alinisikiliza huku akinipaka dawa mkononi, na huo upole wake ndio ulionizidishia, kwa sababu mtu ukimpiga makofi ya maneno naye akakupaka dawa, unabaki na hasira yako mkononi huna pa kuiweka.

Kuanzia leo madirisha yote yamefungwa na ufunguo wa mlango uko kifuani mwangu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo Vuai amenitolea hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Kila mtoto wa chuo cha Kurani anaijua: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Ameitaja taratibu, huku anakunja shati, kana kwamba imemjia tu.

Nikamwambia mimi namlisha. Na aliyemweka paka huyu kwenye boksi la bati si mimi.

"Lakini aliyefunga ni wewe," akasema.

"Wewe unajua nini kuhusu kufungwa? Mwaka ule hukuwepo."

Nilishangaa nilipojisikia. Sikujua kwamba neno hilo lilikuwa bado limekaa mdomoni. Vuai aliacha shati. Akasema viwanja vya ndege vilifungwa, Swalha, ulitaka nije kwa miguu? Ni kweli vilifungwa. Najua. Nilijua hata wakati ule. Lakini alikuwa kwao, anakula samaki wabichi kwa mama yake, ananipigia simu kuniuliza leo nimepika nini, na mimi nilikuwa nasimama jikoni naangalia paka akitoka.



Jumanne, 20 Mei

Ukungu umeota ndani ya viatu vyangu vya harusi ya dada. Laobani hali vizuri. Amejilamba tumbo mpaka limebaki ngozi tupu. Nimeliona na sikusema kitu, kwa sababu najua Vuai atasema nini.

Jumatano, 28 Mei

Tumehamia Nansha, kwenye ua wa godauni moja si mbali na bandari. Keshokutwa Vuai anapakia kontena la watu kumi na mmoja kwenda Unguja. Amekodi wapakiaji, na msimamizi ni Didas, mtu mzima wa Bukoba mwenye kitambi, anayejua kupanga mabunda hata pasipite kidole. Mlinzi wa geti ni mzee Liang. Anakula mbegu za alizeti siku nzima na ananiita dada mkubwa, ingawa nadhani amenizidi miaka ishirini.

Mzigo mkubwa humo ni wa Sihaba wa Darajani. Anamwoza binti yake wiki ya kwanza ya Julai: magodoro, mapazia, sahani mia mbili, viti vya shughuli. Anampigia simu Vuai asubuhi na jioni. Meli hii ikiondoka, mzigo unafika kabla ya harusi. Inayofuata ni baada ya siku kumi na mbili, na hiyo itamkuta bibi harusi ameshahamia kwa mumewe na kulala kwenye mkeka.

Ijumaa, 30 Mei

Naandika yote leo leo, nisipate nafasi ya kujipambia.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa. Wenyeji wanaiita mvua ya mashua za joka, kwa sababu inakuja na sikukuu yao ya mashindano, ambayo ni kesho. Didas alikuja kugonga, Vuai akaomba makoti ya mvua. Nilifungua sanduku la chini ya kitanda, nikayatoa, nikalifunga kwa komeo lake. Nilimfungulia Vuai mlango, akatoka. Kupakia kukaanza.

Saa tano nikamwita Laobani ale. Hakuja. Nikatazama chini ya viti, kabatini, chooni, nyuma ya usukani. Nikauangalia mlango: haukuwa umejibana sawasawa. Vuai alikuwa ametoka akiongea na Didas, hakuuvuta mpaka mwisho.

Nilitoka bila viatu. Mzee Liang akapunga mkono: meiyou, hakuna, hajamwona. Nilizunguka ua mara tatu. Nilipofika kwenye kontena milango ilikuwa imeshafungwa na sili imeshapigwa, lile komeo la chuma lenye namba, na Didas alikuwa amekwisha kuipiga picha na kuituma namba kwa wenye makaratasi. Dereva alikuwa anawasha. Nikamwuliza Didas kama amemwona paka. Akajikuna, akasema shemeji, mimi kuna kitu cha rangi ya chungwa nilikiona kinapita kati ya mabunda, nikadhani ni mfuko.

Nikaweka sikio kwenye bati la kontena. Mvua inalipiga, injini inanguruma, na nikamsikia. Wallahi nilimsikia analia.

Nikaenda kusimama mbele ya lori.

Vuai alikuja mbio. Alinielewesha kitu ninachokijua kama yeye: sili ikikatwa namba inabadilika, namba ikibadilika makaratasi ya forodha yanaanza upya, na geti la bandari linafungwa jioni. Meli itaondoka bila sisi.

"Humu mna mali za watu kumi na mmoja," akasema.

"Na mna roho moja. Mwezi mzima baharini, Vuai, gizani, bila maji. Ulinihadithia mwenyewe habari za moto. Haya."

"Una hakika yumo?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

Vuai akageuka akaliangalia kontena. Koti lake lilikuwa limejaa maji mabegani. Kisha akamwomba Didas mkasi mkubwa wa chuma. Didas akasema bosi, fikiri. Vuai akasema nimeshafikiri, na akaikata sili kwa mkono wake.

Tulipakua kwa muda wa saa tano. Mabunda yalipangwa chini ya maturubai, na maturubai hayakutosha. Magodoro mawili ya Sihaba yalilowa. Wapakiaji wanne, Didas na Vuai, wote tope mpaka magotini. Kila bunda lililotoka nilisema sasa, sasa. Mwisho kukawa hakuna bunda, pakabaki bati tupu la ukuta wa mwisho. Vuai aliingia mpaka ndani kabisa na taa ya simu, anagonga kuta, anaita, "Laobani, njoo baba, njoo." Miaka yote alikuwa akimwita paka wako. Sikujua kama anaweza kulitamka jina lile hivyo.

Hakuwemo.

Nilirudi garini kuwachukulia watu taulo. Taulo ziko kwenye sanduku la chini ya kitanda. Nikafungua komeo.

Laobani alikuwa amekaa juu ya gauni langu la Idi. Akapiga miayo.

Nikalifunga sanduku. Naandika tena, ili nisije nikasema nilichanganyikiwa: nilimwona, nikalifunga. Alikuwa ameingia asubuhi nilipokuwa natoa makoti, na komeo nililishika mwenyewe. Si mlango wa Vuai. Si Didas. Nimemfungia mimi, halafu nimesimamisha lori mimi.

Nilikaa kitandani, juu ya paka, nikasikia Vuai nje anawaambia wapakiaji pole, poleni sana ndugu zangu. Kisha nikamtoa nikamfunika kwa kanga, nikapita upande wa pili wa gari, nikaenda nyuma ya kibanda cha mzee Liang, nikamweka chini ya mfereji wa bati mpaka akalowa chapa. Alinitazama. Ndipo nikapiga kelele: Vuai, huyu hapa.

Vuai alikuja akamwona, akaanguka akasujudu. Kwenye tope, mbele ya wapakiaji. Alipoinuka alikuwa analia, na sijamwona akilia tangu azikwe baba yake.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukuu. Televisheni ya mzee Liang inapiga ngoma za mashua. Vuai amempigia simu Sihaba. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, na sauti ya Sihaba niliisikia bila kipaza sauti. Amemwita tapeli, amemwita mtu asiye na haya, ameuliza binti yake alalie nini. Vuai hakutaja paka. Hakunitaja mimi. Alisema, "Kosa ni langu, bibie, sili ilikatwa kwa amri yangu." Akasema hivyo mara nne.

Miezi miwili nimejaza daftari hili kwa makosa ya mtu huyu. Nimerudi kuyasoma jana na leo. Zaidi ya gari na mlango wa Huangpu, sikukuta kitu.

Jumanne, 3 Juni

Mzee Liang ananiangalia. Nadhani aliniona. Amenipa mbegu za alizeti.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Vuai alikwenda mjini kuswali na akarudi na nyama ya kutoka kwa Nahla. Nilikuwa nimevaa lile gauni, manyoya ya chungwa bado yamenasa kifuani. Alikaa kwenye ngazi ya gari. Kwetu siku ya Idi watu huombana radhi, na wengi tunaomba kwa mkupuo tu, nisamehe lolote, basi yamekwisha. Vuai hakufanya hivyo. Aliomba kimojakimoja. Radhi kwa kuiachia fleti bila kuniuliza. Radhi kwa kunicheka Foshan. Radhi kwa mlango wa Huangpu na mlango wa Ijumaa ile. Na radhi kwa ile miezi kumi na minane, akasema, kwa sababu ndege ya mwanzo iliyofunguliwa ilikuwa na nafasi na yeye akangoja ya tatu. Alikuwa anaogopa kurudi kufungiwa. Hakuwahi kuniambia.

Kumbe nilikuwa na haki ya kukasirika. Nimeitafuta haki hiyo miaka yote, na nimepewa siku ambayo siwezi kuitumia.

"Laobani hakutoka," nikasema. "Alikuwa sandukuni. Nilimfungia mimi, na nilimwona kabla yako. Nikamlowesha."

Nilidhani atacheka, au atanipaka dawa. Alisimama. Uso wake niliufahamu, ni ule ninaouona mimi kwenye kioo. Akasema alisujudu. Akasema umeniacha nikasujudu, Swalha, nikamshukuru Mungu kwa uongo wako. Akatoka nje ya geti kwa miguu, kwenye mvua.

Nyama haijapikwa.

Jumamosi, 7 Juni

Amerudi, lakini hasemi. Anakula, anafua, anaswali, hasemi. Sasa najua gari hili ni dogo kiasi gani.

Nimempigia Sihaba mwenyewe. Nimemweleza tangu komeo mpaka mfereji. Alinitukana mpaka mate yakamkauka, akanitukania na mamangu, na sikumkatiza, kwa sababu matusi yale yalikuwa yangu na yalikwenda kwa mtu mwingine.  Kisha akauliza, "Paka mwenyewe mzima?" Nikasema mzima. Akasema basi magodoro ataazima kwa wifi yake, lakini Idi ijayo nisithubutu kupita Darajani. Na Vuai nimwambie amwie radhi. Nilimwambia. 

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Siku ya tatu Vuai hasemi. Kontena limeondoka na sili mpya. Vuai ameipiga mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nimeamshwa na msumeno. Vuai alikuwa amepiga magoti mlangoni, anakata bati la chini la mlango wa gari. Mzee Liang amemshikia upande mmoja, maganda ya alizeti yanamtoka mdomoni.  Nilivua ufunguo kifuani nikauweka juu ya jiko.

Kitundu kilipokwisha alikifunga kingo kwa mpira, asijikate. Laobani akaja, akakinusa, akatoa kichwa, akakirudisha. Kisha akatoka. Nilimwona akivuka ua kwenye manyunyu, mkia juu, akapita chini ya geti bila kugeuka. Nilifunga mikono yangu miwili kwapani isiende kuchukua kijiko.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Vuai alikuwa ngazini na mimi nilikuwa nyuma yake, na hakuna aliyeita. Nilimkasirikia kwa kukata. Nikajikasirikia kwa kukasirika. Nikaandika mpaka hapa.

Karibu na magharibi mpira wa kitundu ukainuka. Ameingia amelowa, ananuka samaki wa mtu, akapita juu ya miguu ya Vuai kama juu ya kizingiti, akaja kulala juu ya daftari hili, kwa hiyo mstari huu naandikia pembeni ya tumbo lake.

Vuai bado ananipa mgongo. Lakini amesema, na ni neno lake la kwanza tangu Idi.

"Umeona? Amerudi mwenyewe. Na mimi niliporudi, ile ndege ya tatu, nilirudi mwenyewe."

Nikamjibu kwamba paka amechelewa kwa saa kumi tu. Alicheka kidogo, puani. Hasira yake haijaisha na yangu pia, lakini nimewasha jiko.